A ya Lugha ya Ishara

Jumatatu, 12 Januari 2004

Kitengela. Siku ya kwanza kazini. Miaka minne chuoni, Shahada ya Ualimu, Elimu Maalum, daraja la pili la juu — na leo saa nne asubuhi mtoto wa miaka saba amejikojolea mbele yangu kwa sababu alikuwa akiniomba ruhusa ya kwenda choo na mimi nikadhani ananisalimia. Nikampungia mkono! Akaomba tena. Nikampungia tena, na tabasamu juu yake.

Yuniti ya viziwi ni darasa moja nyuma ya jiko la shule. Watoto kumi na mmoja. Mwalimu aliyekuwapo alistaafu mwezi wa nane, na tangu hapo wamekuwa na mama wa kufagia tu. Anaitwa Kaluki, Mkamba mwenzangu, ila shule nzima inamwita Mama Mwololo. Ndiye aliyemchukua yule mtoto, akamsafisha, akamtafutia kaptura nyingine. Aliporudi alinionyesha kwa mkono: choo ni hivi, mwalimu. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Jumatano, 14 Januari

Nimefungua begi la vitabu vya chuo nikitafuta msaada. Nimekutana na karatasi ya mtihani, LUGHA YA ISHARA, mwaka wa tatu. Swali la tatu: "Eleza kwa maneno, ukitoa mifano, jinsi ishara ya MAMA inavyoundwa. Alama kumi." Kwa maneno! Nilipata tisa. Somo zima nilipata A.

Nimekaa kitandani na ile karatasi nikakumbuka vizuri. Tulikuwa wanafunzi mia mbili na zaidi ukumbini. Hakuna aliyeinua kidole isipokuwa kuomba karatasi ya ziada. Dkt. Joram alitusomea maelezo muhula mzima, mkono mmoja umeshika karatasi, mwingine mfukoni. Kiziwi hakukanyaga darasa lile hata siku moja. Na mazoezi ya kufundisha je? Nilipelekwa sekondari ya kawaida kule Embulbul, nikafundisha Jiografia kwa watoto wanaosikia hata mnong'ono. Sababu? Shule maalum ziko mbali na barabara ya lami, wahadhiri wangechoka. Nikapewa alama nzuri huko pia.

Nimemuuliza Mama Mwololo alisomea wapi ishara. Ameacha ufagio akaniangalia. "Kusomea nini, mwalimu? Mimi niko na kijana kiziwi. Ulitaka nikae na yeye miaka ishirini tukiangaliana tu?"

Ijumaa, 23 Januari

Watoto wamenipa jina! Viziwi kila mtu humpa jina lake la ishara, kwa kitu kinachomtambulisha. Mama Mwololo ni kiganja kinachofagia hewa. Hedimasta, Bw. Githongo, ni kidole kinachosukuma miwani puani. Mimi jina langu ni vidole vinne na gumba vinavyofumba na kufumbua kando ya shavu. Nilifurahi wiki nzima. Nilidhani ni "mwalimu".

Leo nimemuuliza Mama Mwololo. Amezungukazunguka, akaanza habari ya mvua. Nimembana. "Ni Mdomo," amesema. "Wanasema unafungua tu, unafunga, unafungua. Usikasirike, ni watoto."

Aliyelitunga ni Deeqa, wa miaka kumi na mmoja, binti wa Bulle anayeuza ng'ombe. Mkubwa kuliko wote darasani. Nikiwa ubaoni haniangalii kabisa, anachungulia nje. Nimekasirika kiasi. Halafu nimejitazama kwenye kioo nikisema "fungueni vitabu". Ni kweli.

Jumanne, 3 Februari

Siku nzuri, hatimaye. Yuniti yetu inaishia darasa la tatu, kwa hivyo wakubwa watatu inabidi waende shule ya bweni ya viziwi. Bweni hawapokei mtoto bila ripoti ya kupimwa akili, imeandikwa na mtu mwenye shahada. Yaani mimi! Bw. Githongo amenikabidhi lile sanduku la vipimo kwa heshima. Ni lilelile la chuoni, aliloandaa Dkt. Joram na wenzake. Kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa nimeshika kitu ninachokijua.

Nimefuata kitabu neno kwa neno. "Mpimaji atoe maelekezo kwa sauti ya wazi na ya kirafiki." Nimetoa, polepole, midomo wazi. "Asiwepo mtu wa tatu chumbani." Mama Mwololo alisimama mlangoni akauliza, "Nimsaidie kumwambia, mwalimu?" Nikamwambia hapana mama, kanuni haziruhusu, tafadhali funga mlango.

Isaac amepata ishirini na sita kwa thelathini. Naserian ishirini na mbili. Deeqa — nne. Nimesikitika. Nilimwambia achukue kipande chekundu, akatazama mdomo wangu, akacheka kidogo, akanipa vyote. Kila swali hivyohivyo. Nimeandika kama kitabu kinavyoelekeza: "Akili taahira, kiwango cha wastani. Tatizo lake si usikivu pekee." Nimetia sahihi, na shahada chini ya jina. Mwandiko mzuri.

Alhamisi, 4 Machi

Majibu ya kamati ya upimaji, inayopitisha ripoti zetu, yamefika kutoka Kajiado. Isaac na Naserian wamekubaliwa bweni. Deeqa Bulle: "Aondolewe katika yuniti ya viziwi. Hatafaidika na masomo. Afunzwe kazi za nyumbani." Bw. Githongo alikuwa ameshampelekea Bulle nakala. Kiti cha Deeqa leo kitupu.

Mama Mwololo aliniuliza barua inasema nini. Nikamsomea. Alikunja kitambaa cha kupangusia ubao.

"Mwalimu, siku ile ulimwambia achukue nini?"

"Kipande chekundu."

"Ulimwambia na nini?"

Na nini! Nilitoka nje nikashika ukuta wa jiko. Mimi, msomi wa elimu ya viziwi, nilimpima kiziwi kwa kuongea. Isaac anasikia kidogo sikio la kushoto. Naserian aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la pili, anasoma midomo kwa sababu alishajua maneno. Deeqa alizaliwa hasikii chochote. Ishirini na sita, ishirini na mbili, nne. Sikupima akili ya mtu. Nilipima masikio! Na kitabu kilinielekeza hivyo, na mwandishi wa kitabu alinifundisha hivyo, na ukumbini tulikuwa mia mbili na hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo kiziwi atakuwa anasikiaje hiyo sauti ya kirafiki. Wote tulikuwa tunaandika.

Mtoto aliyenitazama siku chache na kunibatiza Mdomo ndiye nimemwandika hana akili.

Jumamosi, 6 Machi

Nimeenda kwa Bulle. Zizi lake liko nyuma ya soko, na mkewe Asho ana duka la vitambaa mbele. Nilikuta ng'ombe wa watu watatu wamechanganyika baada ya kunyweshwa, vurugu, kila mchungaji anapiga kelele. Deeqa alikuwa katikati na kijiti. Hakugombana na mtu. Anamgusa mmoja mgongoni, anamsogeza kushoto. Mwingine, kulia. Mzee mmoja wa Kimaasai akabisha juu ya ndama. Deeqa akamshika ndama sikio, akamwonyesha alama ya kisu iliyojificha chini ya manyoya, alama ya mzee mwingine. Yule mzee akacheka mwenyewe, akaondoka na wake. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika ng'ombe.

Nimemwambia Bulle nilikosea. Nimemwambia moja kwa moja, bila kupamba. Ameniletea kiti, ameagiza chai. Ni mtu wa adabu.

"Mwalimu, hiyo karatasi iko na jina yako?"

"Ndiyo, mzee."

"Iko na digrii yako?"

"Ndiyo."

"Mimi sikusoma. Hata siku moja. Kama mtu iko na digrii anasema mtoto hana akili, mimi nani ya kubisha? Sasa tena unasema iko na akili. Nishike gani?" Akasema Ijumaa ya tarehe kumi na tisa gari la ng'ombe linarudi Garissa. Deeqa atapanda. Shangazi yake huko ana nyumba kubwa, atasaidia kazi. Hakusema kwa ubaya. Anafuata ushauri wangu!

Asho alikuwa nyuma ya vitambaa. Nilipoinuka ndipo aliposema. "Tangu nizae huyu mtoto watu wananiambia ni bubu, ni mjinga, mpeleke huko. Nilikataa. Kila mtu nilikataa. Nikamleta kwako kwa sababu wewe umesomea. Na wewe pia?"

Nimetembea hadi nyumbani nikilia barabarani mchana kweupe, na watu wa Kitengela wakinipisha.

Jumatatu, 8 Machi

Bw. Githongo hataki kusikia. Ripoti ikishapita kamati imepita. Akasukuma miwani. Nikamwambia nataka kuandika barua ya kuifuta. Akashusha sauti: je, najua nitakuwa nimesema nini? Kwamba yuniti yake ina mwalimu asiyejua kazi. Wataifunga, na hao kumi watarudi majumbani. "Na wewe bado uko kwa probation, hujathibitishwa kazini, mwalimu Mutheu. Mtoto ni mmoja."

Mtoto ni mmoja! Nimemuuliza kama Deeqa angekuwa binti yake angehesabu hivyo. Ameniambia nitoke. Nimetoka. Mlango umejifunga kwa kishindo, na sijui ni upepo au ni mimi.

Jioni nimeandika barua hata hivyo. Nakala mbili, moja ya kamati.

Jumanne, 9 Machi

Nimempigia Dkt. Joram kutoka kibanda cha simu ya jamii. Ananikumbuka! "Mutheu, ulikuwa na A." Sauti ya furaha kabisa. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya Kajiado siku hizi, kumbe.

Nimemweleza. Akasema kipimo ni halali, kimetumika miaka kumi na mitano. Nikamuuliza kwa viziwi wangapi? Wengi. Nani aliwapa maelekezo? Wapimaji wenye sifa. Kwa sauti au kwa mikono? Akasema laini ni mbaya. Laini haikuwa mbaya! Nilikuwa namsikia akipumua.

Nikamuuliza mara ya tatu. Mwishowe akasema kamati inakaa Kajiado Alhamisi ya tarehe kumi na nane, nimlete mtoto, wataona. Siku moja kabla ya lile gari.

Asho amekubali. Bulle amesema sawa, mkitoka na karatasi nyingine nitashika hiyo. Bila karatasi, anapanda.

Jumapili, 14 Machi

Baada ya kanisa nimeshinda kwa Mama Mwololo. Mwanawe Mwololo alikuwapo, fundi wa kuchomelea, mkubwa, mpole, kiziwi. Asho amemleta Deeqa. Nimejifunza hadi vidole vinauma. Rangi. Namba. Leta, ondoa, linganisha, kubwa kuliko. Nimemwuliza Deeqa, kwa mikono, kama amekula. Wameangukiana kwa kicheko wote. Nilimwuliza kama ameliwa.

Nimecheka nao, kisha nikaacha. Siku nne! Nitajifunza nini kwa siku nne ambacho hawakunifunza kwa miaka minne? Nikisimama mimi mbele ya kamati na mikono hii, Deeqa atafeli mara ya pili, na hiyo itakuwa ya mwisho. Anayeweza ni Mama Mwololo. Na Mama Mwololo ameishia darasa la nne.

Jumatano, 17 Machi

Mama Mwololo ameomba ruhusa ya kesho. Bw. Githongo amemnyima. Atakuja hivyohivyo. "Ufagio hautakimbia," amesema. Mimi sikuomba.

Alhamisi, 18 Machi. Kajiado, ukumbi wa kanisa

Naandikia hapahapa kwenye benchi. Nisipoandika nitampigia mtu kelele.

Tumefika saa tatu. Mimi, Mama Mwololo, Asho, Deeqa. Tumeitwa saa saba kasoro robo. Meza ndefu, Dkt. Joram katikati, amenenepa, mama mmoja kushoto kwake na mzee mmoja kulia. Lile sanduku limefunguliwa. Dkt. Joram amenisifu mbele ya wote, kwamba ni nadra mwanafunzi kufuatilia kazi yake namna hii. Akasema hoja yangu ina mantiki, kipimo kirudiwe kwa ishara. Nikapata tumaini.

Kisha akasema: "Endelea, mwalimu. Wewe una A. Nilikusahihishia mwenyewe."

Nikasema daktari, mimi siwezi. Huyu mama ndiye anaweza.

"Ana cheti gani?"

"Ana mtoto."

Mzee wa kulia akaficha kicheko kwa kikohozi. Dkt. Joram akaeleza kwa upole kwamba kamati haiwezi kuruhusu mfagiaji kumpima mtoto, kanuni ni kanuni. Upole wake ndio ulionimaliza. Nikamwambia, nadhani kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, kwamba mimi kamati iliniruhusu, nikampima kiziwi kwa mdomo, na mkapiga muhuri! Nikamwomba aniulize chochote kwa ishara. Chochote. Hapo mbele ya wote. Aniulize naitwa nani.

Akatazama mikono yake. Hakuniuliza. Ndipo nilipojua. Labda nilijua tangu ukumbini, ule mkono wa mfukoni. Hajui! Hajawahi kujua. Miaka yote hii anafundisha Lugha ya Ishara, na Deeqa amesimama mita moja mbele yake na hawezi kumwambia hata "karibu, keti".

Asho akauliza nini kinaendelea. Mama Mwololo akamwambia kwa sauti ya chini: "Hata huyu mkubwa hawezi."

Yule mama wa kushoto ndiye aliyetuokoa, kama tumeokoka. Amefunua kitabu cha kanuni. Mtu asiye na cheti anaweza kusaidia kupima endapo mpimaji mwenye sifa atakiri kwa maandishi kwamba hana uwezo, na aliyemfundisha somo hilo athibitishe. Sahihi mbili. Karatasi iingie faili la mwalimu, na nakala iende chuoni.

Nimeandika hapohapo. "Mimi, Mutheu Ndeti, nilifaulu Lugha ya Ishara kwa alama A. Siwezi kuongea na watoto ninaowafundisha. Ripoti ya tarehe 3 Februari kuhusu Deeqa Bulle niliiandika bila kuzungumza naye." Nimetia sahihi. Kazi yangu pengine imekwenda. Sijali. Uongo, najali sana, mama yangu kule Mwingi anategemea nisifutwe. Lakini nimetia.

Sasa karatasi iko kwa Dkt. Joram. Ameisoma mara tatu. Ameuliza kama "siwezi" inaweza kuwa "sijabobea". Nimesema hapana. Ameuliza kama kweli ni lazima A itajwe. Nimesema ndiyo. Akisaini, amesaini kwamba A ile haina kitu, na ya wale mia mbili wenzangu, na ya wote wa kabla yetu waliokwenda na masanduku yao kupima watoto, sijui wangapi, sijui wapi.

Saa nane na dakika kumi. Mzee wa kulia anatazama dirishani. Bulle amempigia Asho simu, gari litapakia kesho baada ya swala ya alfajiri. Mama Mwololo amekaa wima, mikono juu ya magoti, yuko tayari.

Dkt. Joram ameifungua kalamu. Ameifunga. Amesema chumba kina joto.

Deeqa amechoka kungoja. Amevuta kiti mwenyewe, ameketi mbele ya daktari, ametoa vipande vyote sandukuni. Hakuna aliyemwambia kitu. Amevipanga mezani safu kwa safu, vyekundu na vyekundu, vya bluu na vya bluu, vidogo hadi vikubwa. Amemaliza. Ameinua uso, anamtazama daktari, anangoja aambiwe la kufanya.

Daktari anamtazama. Ameifungua kalamu tena —